Nyoka wa Maji na Mahali Pakavu

Paukwa!

Pakawa!

Na ninyi mlio nyuma, karibu na mlango?

Pakawa!

Haya. Wa kwanza kumwambia ndege Kukuziwa habari za Nyoka alikuwa Chura. Lakini ngojeni niwaonyeshe kwanza mahali walipokuwa wakiishi.

Hapo zamani za kale mto ulikauka. Ulikauka, ukakauka, mpaka mawe ya chini yakaonekana migongo. Muhanga, yule mchimbaji mwenye pua ndefu na masikio kama ya punda, akawahurumia watu wa majini. Chakula chake yeye ni mchwa, hana ugomvi na mtu. Akachimba. Tifu, tifu, tifu. Akachimba mpaka maji ya chini yakachuruzika. Akapanda matete, akazungusha uzio wa miiba. Likawa boma la kinamasi.

Kisha akawaita wakaazi. Nyoka wa Maji alifika mapema. Muhanga akamwambia apanue kinywa, akakipima kwa ukucha. Kila aliyekuja baadaye alipimwa kwa ukucha uleule. Anayeenea kinywani, arudi alikotoka. Asiyeenea, karibu. Kobe akapita. Kukuziwa, ndege mweusi mwenye paji jekundu, akapita. Chura akavuta pumzi, akavimba, akapita. Mnacheka? Chura hakucheka. Visamaki tu ndio hawakupimwa, maana hao walikuwa chakula.

Muhanga akagawa mahali. Kobe na Chura akawapa tope. Kukuziwa akampa gogo moja kavu, ajenge kiota. Nyoka wa Maji akampa maji yote, huku na huku. Wala hakumuuliza neno. Nyoka wa maji atake nini tena?

Mwezi ukapita. Kukuziwa akataga mayai manne.

Ndipo asubuhi moja Chura akaja, chup, chup, chup, akamwambia Kukuziwa habari. Kila Kukuziwa anapokwenda kula, alisema, Nyoka hupanda juu ya gogo. Anapanda polepole, anakaa, anashuka. Anayataka mayai, anasubiri siku tu. Na Chura alikuwa amekwisha kumwambia Muhanga. Jua likifika kichwani, Nyoka atatupwa nje ya uzio, huko kwenye ardhi iliyopasuka, na mwewe watajua la kufanya.

Kukuziwa alikuwa mpole, mwenye haya. Mbele za watu sauti yake ilikuwa ndogo. Lakini neno moja lilimsumbua. Mayai alikuwa akiyahesabu kila siku. Yalikuwa manne jana. Yalikuwa manne juzi. Mtu anayetaka mayai, anapanda kila siku, hali hata moja? Anafanya nini huko juu?

Basi siku ile hakwenda kula. Alijifanya anakwenda, akazunguka, akajibanza ndani ya matete. Moyo ukampiga, du, du, du.

Shwaaa. Nyoka akatoka majini. Akapanda gogo. Akafika kwenye kiota. Kukuziwa akakunjua mabawa tayari kuruka. Nyoka akapita pembeni ya mayai, hakugeuza hata kichwa. Akafika mwisho wa gogo, penye jua. Akajilaza. Akageuza tumbo juu. Na tumbo lile lilikuwa limejaa malengelenge, mengine yamepasuka.

Kukuziwa akatoka mateteni kabla hajajua ametoka.

"Hayo ni nini, kaka?"

Nyoka akashtuka, chubwi, akaingia majini. Baadaye akachomoza pua. Akaeleza taratibu. Kule mtoni, alisema, kulikuwa na mawe. Alikuwa akiogelea, akiwinda, kisha akipanda jiweni kujikausha. Nyoka wa maji asipokauka, ngozi huoza. Humu bomani pakavu ni gogo tu, na gogo lina mwenyewe. Samaki nao hawapiti tena kooni, kwa maumivu.

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani, mama? Nikifungua kinywa mnakimbia."

Kukuziwa akauliza lile alilokuwa akiliogopa. Watoto wakianguliwa, itakuwaje?

"Wataenea kinywani," akasema Nyoka. "Sikudanganyi. Nikiwa nimeshiba samaki, na nina pangu pakavu mbali na kwako, sina safari ya kuja huku. Lakini wewe usiache kuwaangalia."

Ajabu, jibu hilo halikumtisha. Lilimtuliza, kwa kuwa lilikuwa la kweli.

Jua likafika kichwani. Muhanga akaja na kijiti chenye panda, Chura nyuma yake amevimba. Kukuziwa akaogelea mpaka mbele yao. Sauti ikagoma. Akajaribu tena.

"Mzee Muhanga, mtazame tumbo kabla hujamtupa. Anataka pakavu."

Chura akaangua kicheko. Nyoka wa maji anataka pakavu, alisema, basi kesho kambare ataomba mkeka. Hata Kobe alitabasamu. Kukuziwa hakurudi nyuma. Akasimulia aliyoyaona, moja baada ya jingine, na mayai yake manne akawaambia waende wayahesabu.

Muhanga akainamisha pua ndefu majini. Akanusa. Akasikia harufu ya yale malengelenge yaliyopasuka. Kijiti kikamtoka mkononi.

"Nimepima kinywa chake," akasema, "ngozi yake sikuipima."

Akashika kazi pale pale. Tifu, tifu, tifu. Upande wa pili wa boma, mbali na kiota, akarundika udongo na mawe mpaka kikaota kisiwa, juu pakavu, na jua tele. Kati ya kisiwa na gogo akapanda matete mazito. Chura akaenda kimya kukaa na Kobe.

Basi, wanangu na wakubwa zangu, ngano inatufundisha hivi: unapomweka mtu kwako, usimgawie mahali kwa kumdhania. Mtazame, umuulize anaishije. Na ukiambiwa jambo baya la jirani, nenda ukalione mwenyewe.

Hadithi yangu naikomesha asubuhi iliyofuata. Kukuziwa aliamka, akayahesabu mayai, manne. Akachomoa majani makavu ya ukingo wa kiota chake, akayashika mdomoni, shingo juu yasilowe, akaogelea nayo mpaka kisiwani. Akayatandika juani, mbele ya Nyoka aliyekuwa akimtazama. Kisha akarudi kuatamia.