Mpiga Picha Aliyeogopa Kivuli

Mtu mmoja alikuwa na studio ya picha katika mji mdogo ulio chini ya milima, na mji ule haukuwa na nyingine. Jina lake lilikuwa Sifaeli. Kila uso wa pale ulipita mbele ya kamera yake, wa ubatizo, wa harusi, wa kitambulisho. Lakini picha iliyotazamwa kwa hofu ilikuwa moja, ile ambayo watu waliiita picha ya mbele. Mtu alipigwa picha angali mzima, nayo ikakuzwa na kutiwa kwenye fremu, ikafungiwa sandukuni. Siku ya maziko yake, ndugu mmoja aliishika kifuani na kutangulia nayo mbele ya jeneza.

Kwa sababu hiyo watu hawakutaka kivuli usoni. Walisema kivuli katika picha ya mbele ni mauti yamekwisha kupiga hodi. Sifaeli hakuliamini jambo hilo, ila alilitii. Aliweka taa mbili kali, moja kulia na nyingine kushoto, hata pasibaki mahali pa giza kati ya sikio na sikio. Aliwavalisha wanaume koti la studio na tai ya studio, akawaambia watulie, wasicheke. Mikunjo iliyosalia aliifuta baadaye kwa ncha ya penseli. Walitoka weupe na laini kama sahani zilizooshwa, na wote waliridhika.

Ikatokea kwamba wanaume wawili walikufa wiki moja, wakazikwa siku moja, mmoja asubuhi na mwingine alasiri. Picha zao zote mbili zilikuwa zimepitia studio kubadilishiwa vioo. Sifaeli alikwenda maziko ya asubuhi. Mjane aliililia picha ile mpaka akashikwa na wanawake wenzake. Mama wa marehemu alikibusu kioo. Kaburi lilipokwisha kujazwa, Sifaeli aliombwa aifunge picha msalabani kwa waya. Akaigeuza. Nyuma palikuwa na jina, kwa mwandiko wake mwenyewe, nalo lilikuwa jina la yule wa alasiri.

Akaigeuza tena, akautazama uso. Alikuwa amewapiga picha wote wawili kwa mikono yake, tena aliwajua tangu ujana, na hakuweza kusema huyu ni nani. Akafunga waya. Alasiri alisimama kando ya njia akaiona picha ya pili ikipita, watu wakiililia vilevile.

Alimweleza mke wake tu. Nakiete alicheka hata akashika meza. "Baba Eliamini! Siku yangu usije ukawaliza watu kwa sura ya mke wa jirani." Kisha akaacha kucheka. Akauliza kama kweli yule mama alikibusu kioo. Sifaeli akasema alikibusu. Chakula kilibaki sahanini.

Mwaka uliofuata Nakiete akaugua, na daktari hakuwaficha. Mtoto wao wa pekee, Eliamini, alikuwa kazini katika machimbo ya mbali, safari ya siku nyingi. Nakiete aliomba jambo moja: apigwe picha ya mbele, na picha hiyo iwe yeye. "Mwanangu huenda asiniwahi," alisema. "Basi anikute."

Sifaeli aliwasha taa zake mbili, akampiga picha. Nakiete aliishika ile picha muda mrefu. "Mzuri huyu," akasema. "Ni nani?" Naye hakuwa anatania. Sifaeli akampiga tena, na tena, na kila mara mwanamke wa kwenye karatasi alizidi kuwa mgeni. Akamlaza huyo wa karatasi mezani kati ya picha za watu wengine. Wote walifanana kama watoto wa mama mmoja, na mama huyo Sifaeli hakuwahi kukutana naye.

Wakasafiri hadi jiji kubwa, hospitali. Matibabu yalichukua asubuhi nzima kila siku, na Nakiete alimfukuza mumewe pale nje. "Nenda kanyooshe miguu. Usinikalie mlangoni kama askari." Ng'ambo ya barabara palikuwa na jumba la kuonyeshea picha za kuchora. Sifaeli alilifuata kwa ajili ya ubaridi wake tu. "Kuingia bure, mzee," alisema karani wa mlangoni. "Kugusa ndiyo kesi."

Ndani hapakuwa na mtu. Hata hivyo Sifaeli alisita kizingitini, kwa maana alijisikia kama aliyeingia sebule ya watu na mazungumzo yakakatika ghafla. Kuta zilijaa nyuso. Ya kwanza ilikuwa ya mwanamke anayechambua mchele. Nusu ya uso wake mchoraji aliiacha gizani, na katika giza lile hakuchora jicho. Sifaeli aliinama kulitafuta, akaona rangi ya kahawia tu, iliyopakwa mara moja. Akarudi nyuma. Jicho lilikuwapo, likimtazama.

Alikwenda kwenye nyingine. Mzee aliyemulikwa na makaa ya jiko peke yake. Kisha kitanda kitupu chenye shuka lililobonyea, na Sifaeli akaujua uzito wa mtu aliyeondoka pale. Katika kila picha mwanga ulitoka mahali pamoja, ukaenda, ukafika mahali ukachoka. Pale ulipochoka ndipo mtu alipoanzia. Sifaeli alitoka, na kesho yake alirudi. Alirudi kila asubuhi. Mitaani alianza kuona mambo ambayo hakuna aliyemwonyesha: shavu la muuza karanga chini ya kofia, mkono wa muuguzi ukitoka kwenye giza la korido, ukifuatwa na muuguzi mwenyewe.

Siku ya mwisho alimchukua Nakiete. Mkewe akaketi kwenye benchi mbele ya mwanamke wa mchele, wakatazamana, huyu na yule, kama wanawake wawili wanaongoja kisimani. Hatimaye alisema, bila kugeuka:

"Huyu alitazamwa. Mimi, Baba Eliamini, hujanitazama. Umenimulika tu."



Walipofika nyumbani alimweka mkewe karibu na dirisha la jikoni, na kitenge chake mwenyewe begani. Taa zote mbili alizizima. Akaketi nyuma ya kamera na hakuigusa. Nakiete akalalamika: "Utabonyeza lini? Au unangoja nikate roho kwanza?" Naye akaendelea kutazama. Aliona kwamba kope ya kushoto ilikuwa chini kidogo kuliko ya kulia, na katika miaka yote ya ndoa hakuwa amelijua hilo. Aliona kovu dogo kidevuni ambalo penseli yake ilikuwa imelifuta mara zote. Mwisho aliona kwamba mkewe anaogopa, na kwamba alikuwa ameogopa kwa muda mrefu, peke yake. Hapo akabonyeza.

Alikwenda na filamu chumba cha giza kuisafisha. Katika kazi yake yote, karatasi ilipotiwa kwenye dawa, macho ndiyo yaliyokuja kwanza, matundu mawili meusi kwenye weupe. Safari hii lilikuja giza kwanza. Lilitanda nusu ya karatasi, likatulia. Kisha kutoka ndani yake mtu akaanza kuja, polepole, akimjia yeye. Sifaeli akajikuta amesogea pembeni, kumpisha.

Nakiete aliitazama picha ile mara moja. Akaifunika kwa kanga, kama afunikwavyo mtu aliyelala. "Ndiye," akasema.

Alikufa kabla ya mvua. Kaka yake alipoiona ile fremu alikasirika mbele ya waombolezaji wote. "Shemeji, umemwekea mauti usoni kwa mkono wako. Lete ile nyeupe!"  Sifaeli aliichukua ile yenye kivuli, akaibeba kifuani yeye mwenyewe, akatangulia. Njiani watu hawakulia kama walivyozoea. Waliinua macho, na waliokwisha kuinua wakayateremsha, kama waliokutana na macho ya mtu. Jirani mmoja kizee alisema kwa sauti ya kawaida, "Aa, salama tu, Mama Eliamini," kisha akajiziba mdomo.

Eliamini alifika wakati maua yamekwisha kunyauka kaburini. Hakuna aliyekwenda kumpokea, kwa kuwa hakuna aliyejua siku yake. Aliingia na vumbi la safari sebuleni, ambamo ile picha, iliyorudishwa toka makaburini ili imngoje yeye, ilikuwa mezani imeegemezwa ukutani. Sifaeli alikuwa jikoni. Alisikia mzigo ukitua sakafuni.  Kisha akasikia sauti ya mwanawe, ya chini, yenye adabu, kama ya mtu aliyeulizwa jambo:

"Gari liliharibika, Mama. Nilitembea mpaka nikapata jingine. Nilijua utanikasirikia."

Kisha akanyamaza, kama anayesikiliza, na baada ya muda akasema, "Ndiyo. Ndiyo, Mama."

Sifaeli alifika mlangoni akasimama. Hakuingia, kwa kuwa watu walikuwa wanazungumza.

Nawe unayerudi nyumbani jioni hii, ukifumba macho sasa hivi, je, uso wa mwenzako unakuja?