Kanga za Ngazija

Bi Sikitu wa Tanga alikuwa na kiwanda kidogo cha kanga, na alama yake ya jogoo iliheshimika sokoni. Kanga za kupeleka kisiwani Ngazija aliziuza kwa bei ya chini, kwa sharti ziuzwe huko huko. Tajiri Badawi alizinunua, akaziuza Tanga chini ya bei ya maduka. Wenye maduka wakaanza kumrudishia Bi Sikitu mzigo.

Badawi akaja tena. "Nataka robota hamsini za Ngazija. Bei ile ile."

"Zitafika kweli, Bwana Badawi?"

"Wallahi! Hata moja haibaki Tanga."

"Basi nitawatilia Wangazija jina jipya kwenye kanga, waringe nalo."

"Tia utakalo, mama. Nifungie haraka tu."

Badawi hakufungua hata robota moja, akazigawa kwa wachuuzi wake wa Tanga. Lakini mwanamke hanunui kanga kabla hajaikunjua akasoma jina. Kesho yake asubuhi soko zima liliangua kicheko, na wachuuzi wakamrudishia Badawi kanga zote.

Akaja mbio kwa Bi Sikitu, kanga mkononi. "Umenidhalilisha! Jina gani hili, 'Nilitumwa Ngazija, Tanga nafuata nini?'"

"Kwani Wangazija wamelichukia?"

"Wangazija gani? Watu wa sokoni hapa wananicheka!"

Bi Sikitu akashika kiuno. "Makubwa! Kanga ziko Ngazija, watu wa Tanga wamelisomea wapi?"

Badawi akaikunja ile kanga, akaenda bandarini kutafuta jahazi.

Wiki iliyofuata, kwa mara ya kwanza, robota hamsini zenye alama ya jogoo zilishushwa Ngazija.