Kucha Nne Mbele, Kucha Tatu Nyuma

Hadithi inakuja, wenangu.

— Na ije, tumekaa!

Ije mbio au ije taratibu?

— Ije taratibu, hatuna pa kwenda!

Na atakayesinzia?

— Tutamfinya sikio!

Basi mfinyane vizuri, maana hii si ya kulalia.

Hapo zamani, katika nchi ya majabali na mito ya mchanga, mvua iligoma. Mwaka wa kwanza iligoma, mwaka wa pili iligoma. Maji yakabaki mahali pamoja tu, kwenye kisima alichochimba Ndovu katikati ya korongo. Kuchimba alichimba, hatumnyimi sifa yake. Lakini alipomaliza kuchimba akaketi ukingoni, na hapo ndipo maneno yalipoanzia.

Shangazi yake Ndovu alikuwa amefariki. Matanga yalikuwa ya siku saba. Ndovu akayakaa miezi saba, na akayakaa pale pale kisimani. Kila mnyama mwenye kiu alilazimika kwenda kumpa pole.

“Pole kwa msiba, Mzee Ndovu.”

“Nishapoa kidogo. Umeleta nini?”

“Fungu la majani.”

“Weka hapo. Kunywa mafunda mawili.”

Gubu, gubu.

“Basi, ondoka.”

Akaja Swala. “Pole kwa msiba, Mzee Ndovu.” “Nishapoa kidogo. Umeleta nini?” Gubu, gubu. “Basi, ondoka.” Akaja Ngiri, vivyo hivyo. Akaja Kobe, akapewa mafunda yake mawili, akaambiwa aondoke. Huyo alianza kuondoka mwezi wa kwanza wa matanga, na mwezi wa saba alikuwa bado hajamaliza.

Tena kila asubuhi Ndovu ndiye aliyeongoza sala, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na sauti kubwa.

Sasa, juu ya majabali waliishi Pimbi. Mnamjua pimbi? Ni mnyama mdogo, mnene kama mkate, hana mkia wa kuonyesha watu. Miongoni mwao alikuwako Bi Pimbi na mumewe, Mwalimu Chilewa, aliyewafundisha watoto kuhesabu juu ya jabali bapa. Wote wawili walikuwa wacha Mungu. Hawakukosa sala hata siku moja, ijapokuwa njia ya kushuka korongoni ilikuwa ndefu kwa miguu yao.

Siku moja Mwalimu Chilewa aliwafundisha watoto kuhesabu kwa nyayo. Akachukua nyayo za Ndovu, kwa sababu ni kubwa na hata mtoto mvivu anaziona. Mbele kucha nne. Nyuma kucha tatu. Kisha akatazama miguu yake mwenyewe. Akamwita mkewe.

“Mama, njoo utazame.”

“Nitazame nini? Miguu yako naijua miaka kumi na mmoja.”

“Hesabu.”

Bi Pimbi akahesabu. Mbele nne. Nyuma tatu.

“Na haya meno yangu mawili ya mbele yasiyokoma kukua,” Mwalimu akasema, “na zile pembe za Ndovu zisizokoma kukua. Zile nazo si meno? Mama, mimi naona sisi na Ndovu tuna bibi mmoja, wa kale sana. Hakuwa ndovu, hakuwa pimbi. Watoto wake wakaachana njia, hawa wakabadilika kidogo kidogo hivi, wale wakabadilika kidogo kidogo vile, mpaka leo hatutambuani.”

Bi Pimbi akashtuka. “Na Mungu je, Baba?”

“Mungu yuko pale pale. Ndiye aliyetuumba. Ila naona hakuwa na haraka.”

Bi Pimbi alikaa na neno hilo siku mbili. Siku ya tatu akaona halimuumi popote.

Lakini Fisi alikuwa akipita chini ya jabali akisikia nusu nusu, kama kawaida yake. Akakimbia mpaka kisimani. “Mzee, Mzee! Mwalimu anasema babu yako ni pimbi!”

Prrruuu! Ndovu akapiga mkonga. Wanyama wote wakaitwa. Mwalimu Chilewa akasimamishwa katikati, mdogo, kofia mkononi.

“Wewe!” Ndovu akanguruma. “Kama mimi nimetoka kwa pimbi, mbona pimbi bado wapo?”

Hi hi hi! Fisi akacheka, na wote wakacheka.

“Mzee wangu,” Mwalimu akasema, “sikusema umetoka kwetu. Nimesema tumetoka kwa bibi mmoja. Wewe una binamu?”

“Ninao.”

“Ulipozaliwa wewe, wao walikufa?”

Safari hii hakucheka mtu. Ndovu akaona anatazamwa. Mwenye sauti kubwa akikosa jibu hukimbilia jina la Mungu, na Ndovu akalikimbilia.

“Mungu aliniumba asubuhi moja, na mkonga huu ukiwa mkonga huu! Akaniumba mkubwa ili nikae kisimani, akawaumba wadogo ili mlete majani. Anayesema vingine anamtukana Mungu. Kuanzia leo pimbi hanywi hapa!”

Sikilizeni, wenangu. Mwalimu Chilewa hakumtukana Mungu. Alimtukuza kwa kuhesabu, kama wewe unavyomtukuza kwa kuimba. Aliyetukanwa ni Ndovu, naye Ndovu alikuwa amezoea kujichanganya na Mungu.

Basi Mwalimu akaenda kutafuta maji ng'ambo ya vilima. Siku ya kwanza hakurudi. Siku ya pili hakurudi. Siku ya tatu akarudi akitambaa, kibuyu kitupu shingoni, akafika mlangoni pa pango lake, akasema, “Mama,” akafa.

Midomo yake ilikuwa imepasuka. Uso wake wote ulikuwa vumbi. Bi Pimbi akataka kumfuta kwa mkono, lakini na mkono wake ulikuwa vumbi. Akataka kumfuta kwa machozi, lakini mwili uliokosa maji siku tatu hautoi machozi. Akaketi karibu naye kidogo. Kisha akateremka korongoni, paka, paka, paka.

“Mzee Ndovu, mume wangu amekufa. Naomba maji ya kumwosha uso, na uje umwombee, azikwe.”

“Mwenye kufuru haoshwi,” Ndovu akasema, akitafuna.

“Nakuomba kama ndugu.”

“Ndugu! Mnaona? Bado wanaendelea!”

Hapo hasira ikampanda Bi Pimbi, ikaanzia kwenye kucha ikafika masikioni. Lakini hakupiga kelele. Akasema kwa sauti ya chini, “Mzee, nijibu mbele ya Fisi, na mbele ya Kobe yule pale anayeondoka. Sisi si ndugu kwa baba?”

“Si ndugu kwa baba.”

“Wala kwa mama?”

“Wala kwa mama.”

“Wala kwa mbali, mbali kabisa, kule wasikofika wazee wetu?”

“Wala kwa mbali! Tone la damu hakuna!”

“Kobe, umesikia?”

“Nimesikia,” Kobe akasema.

“Ahsante, Mzee Ndovu,” akasema Bi Pimbi, akarudi zake jabalini.

Lazima niwaeleze jambo moja. Katika nchi ile, ukoo wowote ulikuwa kwako ama ndugu ama mtani, wa tatu hakuna. Ndugu akifiwa unakaa naye chini, unaleta maji, unachimba kaburi. Mtani akifiwa unaingia matangani kwake unachukua unachotaka, unakaa unapotaka, unamtania yeye na maiti wake, naye haruhusiwi kukasirika. Akikasirika, matanga yamevunjika, na sharti aondoke pale alipokaa. Ndovu aliijua sana desturi hiyo. Nyumbu alipofiwa na baba yake, Ndovu alimaliza shamba zima la maboga, akasema, “Utani, mtani wangu, utani!”

Haukupita muda, vumbi likaonekana likishuka jabalini. Paka paka paka paka! Pimbi sitini, wakubwa kwa wadogo, na mbele yao Bi Pimbi amejifunga kaniki kiunoni.

“Hodi matangani, watani!”

“Watani gani?” Ndovu akashangaa.

“Sisi. Si umesema mwenyewe hatuna udugu? Kobe!”

“Alisema,” Kobe akasema.

Bi Pimbi akapanda mguuni, akapanda begani, akaketi juu ya kichwa cha Ndovu. “Sogeza masikio, mtani wangu, yananizibia upepo. Jamani, matanga gani haya ya miezi saba? Shangazi ameshageuka udongo, mpwa bado ananenepa!”

“Tunampa pole marehemu au tunampa pole tumbo?” akauliza pimbi mwingine.

“Marehemu alikuwa anakula hivi?”

“Hakuwa anapata chakula, ndiyo maana alikufa. Huyu alimnyang'anya sahani!”

Wengine wakaingia kwenye majani ya rambirambi, krap krap krap. Wengine wakaingia kisimani, chubwi! chubwi! Wakanywa, wakaoga, wakarushiana maji. Ndovu akaanza kuvimba. Masikio yakasimama, macho yakawa mekundu.

“Usikasirike, Mzee!” Fisi akapiga kelele. “Ukikasirika matanga yamevunjika! Utaondoka kisimani!”

“Sijakasirika!” Ndovu akanguruma, na majani yakaanguka mitini.

“Anacheka huyo,” Bi Pimbi akasema kule juu. “Mtani wangu ana kicheko kizito. Watani, zibeni kisima tukihamishie kwetu jabalini.”

Waliposikia hivyo, pimbi sitini wakaanza kutupia mchanga ndani ya kisima. Shaa! Shaa! Maji yakaanza kuwa tope. Ndovu hakuvumilia tena.

“Acheni! Acheni! Ninyi si watani!”

Pimbi wakaacha kutupa mchanga. Hata Kobe alisimama, ingawa kwa Kobe tofauti haikuonekana sana.

“Kama si watani,” Bi Pimbi akauliza polepole, “ni akina nani?”

“Ni... ni ndugu.”

“Ndugu? Sisi? Mzee, kila mtu anaweza kuja hapa na kujiita ndugu. Una ushahidi?”

Ndovu akatazama maji yake yanavyokuwa tope. Akainua mguu wa mbele. “Hesabuni!”

“Sisi tumesoma wapi? Aliyetufundisha kuhesabu amekufa. Hesabu wewe.”

“Moja,” Ndovu akasema. “Mbili. Tatu. Nne.”

“Na nyuma?”

“Moja. Mbili. Tatu.”

“Na sisi, watoto?”

Pimbi sitini wakainua miguu. Nne. Tatu.

“Na pembe hizo, Mzee?”

“Ni meno ya mbele. Hayakomi kukua. Kama yenu.”

“Ala! Kwa hiyo ulitoka kwa pimbi?”

“Sikutoka kwa pimbi!” Ndovu akapaaza sauti. “Tuna bibi mmoja, wa kale sana, hakuwa ndovu, hakuwa pimbi! Mbona hamwelewi jambo dogo namna hii!”

“Sasa tumeelewa,” Bi Pimbi akasema. “Nani alikufundisha?”

Ndovu akainamisha kichwa, akanong'ona.

“Sema kwa sauti, Mzee. Kobe hasikii vizuri.”

“Mwalimu Chilewa!”

Jina likagonga jabali hili, likagonga jabali lile, likarudi. Bi Pimbi akateremka kutoka kichwani. Hakucheka. Wenzake walicheka, yeye hakucheka.

“Basi ndugu yako amelala mlangoni kwangu,” akasema, “na uso wake una vumbi.”

Ndovu akavuta maji, fyooo, mkonga ukajaa. Akapanda jabali, ti, ti, ti. Akamwagia maji maiti polepole, na Bi Pimbi akaosha mwenyewe. Akaosha paji la uso, akaosha macho, akaosha midomo iliyopasuka. Akaosha miguu, na alipoiosha akaihesabu. Kisha Ndovu akachimba kaburi kwa meno yake ya mbele. Kwake lilikuwa shimo dogo sana, lakini alichimba.

Alipoanza sala akasema, “Ee Mungu, uliyetuumba sote asubuhi moja...” Bi Pimbi akamtazama. Ndovu akakohoa. “Ee Mungu, uliyetuumba sote,” akasema, na akaishia hapo.

Bi Pimbi akamalizia kimoyomoyo: bila haraka.

Tangu siku hiyo kila mwenye kiu alikunywa mpaka akatosheka. Na mnadhani Ndovu alitubu? Wapi! Asubuhi iliyofuata alisimama mbele ya sala akatangaza, “Ndugu zangu, mimi siku zote nimesema sisi na pimbi ni ukoo mmoja. Niligundua mwenyewe, kwa kutazama miguu yangu.” Na Fisi akaapa kwamba alikuwepo.

Bi Pimbi alikuwa amekaa nyuma kabisa, na kibuyu kimejaa maji. Hakubisha. Alingoja “amina” ya wote ipite, kisha akaita tena, peke yake, “Kobe, umesikia?”

“Nimesikia,” Kobe akasema. “Na la jana nalikumbuka.”

Hadithi imefika mlangoni, wenangu.

— Ivue viatu iketi!

Funzo lake mnalitaka?

— Tunalitaka!

Funzo lake ni hili: mcha Mungu wa kweli asitazame miguu yake kamwe. Na ukimwona jirani yako anahesabu, mnyime maji mapema, kabla hajafika nne.