Maneno Yaliyosubiri Zamu

Wahenga walisema, kawia ufike. Hawakuwa wakimsifu mvivu. Walimaanisha kwamba aendaye taratibu akafika ni bora kuliko atimuaye mbio akatokea kusikotakiwa.

Fundi viatu mmoja alifiwa na mkewe hospitalini. Maradhi yalikuwa yamemkata mama yule sauti, hivyo siku zake za mwisho alizungumza kwa kuandika kwenye kompyuta ndogo aliyoletewa na binti yao. Kila alilosema liliingia katika faili la peke yake, na kila faili lilikuwa na namba. Mumewe alimjibu kwa mdomo, wakabishana na kutaniana kama ilivyokuwa ada yao. Siku alipokata roho, mzee alikuwa nje ya geti. Wakubwa wa hospitali walikuwa wamebadili saa za kuwaona wagonjwa bila kumwambia mtu. Na wakubwa, alizoea kusema mzee, hawafiwi wakiwa nje ya geti. Tangu hapo alijiuliza swali moja. Mkewe alimwachia neno gani?

Shule mzee aliishia mlangoni, basi alimwomba binti yake amtolee neno la mwisho tu, upesi. Binti akaandika skripti, yaani mistari michache ya kuiagiza kompyuta iyapange mafaili yote kisha ilisome la mwisho kwa sauti. Kompyuta ikasoma:

"Nenda zako. Umenichosha."

Mzee alinywea kama ngozi iliyoanikwa juani. Akaamuru yote yafutwe.

"Ngoja kwanza, baba," alisema binti, macho kwenye kioo cha kompyuta. "Hili ni la tisini na tisa. Yapo mia na arobaini."

Akamweleza kuwa kompyuta ilizipanga namba kama majina, kwa kutazama tarakimu ya kwanza. Ndiyo maana kumi ilitangulia mbili, na tisini na tisa ikaburura mkia.

"Kumi kairuka mbili kwenye foleni?" aliuliza mzee. "Basi na hiyo mashine ni mkubwa."

Binti alicheka, akarekebisha mistari yake. Alipotaka kurukia la mwisho, mzee alimshika mkono. Alitaka waanzie la kwanza, na kila moja likiisha mashine inyamaze kidogo.

"Umekula?" ikauliza kompyuta, ikanyamaza.

Mzee akajisikia akijibu kuwa amekula.

"Mwongo. Shati linakupwaya."

Akajibu tena. Faili kwa faili, mkewe alisema na yeye akaitikia, kwa maneno yale yale ya siku zile; hakujua kumbe alikuwa ameyatunza kifuani. Binti aliondoa mikono mezani kana kwamba meza ni mahali patakatifu. Chumbani humo wazazi wake wote wawili walikuwa wakizungumza.

Likafika la tisini na tisa. "Nenda zako. Umenichosha."

"Siendi kulala nyumbani," mzee alijibu, machozi yakimtiririka.

"Basi sogeza kiti, mkaidi wewe," likasema la mia.

Akakisogeza. Wakaendelea hivyo, bila haraka, hadi la mwisho kabisa:

"Kesho ukichelewa usigombane na watu wa geti. Mimi najua uko njiani."

Mashine ikanyamaza, na safari hii haikuwa na la kuongeza. Mzee aliweka kiganja juu yake, ikiwa bado na joto.

"Nimefika, mke wangu," alisema.

Kweli, kawia ufike.