Kupe wa Watasema

Hapo zamani, babu zetu hawajaota meno, palikuwa na ndugu watatu: Maganga, Kasanda na dada yao Nyamizi. Baba yao alipofariki aliwaachia mbuzi na mbwa jike aliyeitwa Watasema. Fisi alikuwa hathubutu kusogelea zizi, Watasema akiwapo.

Maganga akaenda naye kuwinda kwenye nyasi ndefu. Mbwa alirudi amejaa kupe, masikioni kupe, katikati ya vidole kupe. Akaacha kula, fizi zikawa nyeupe. Fisi wakaanza kulia karibu.

Nyamizi aliogopa kuliko wote. Nyumba yake ndiyo iliyopakana na zizi, na mwanawe alikuwa bado anatambaa. Akaketi na mbwa juani, akang'oa kupe, akatupa uani. Kesho yake wamerudi. Akang'oa, akatupa, wakarudi.

Kasanda akashika jembe, akachimba kaburi.

"Dada, usijichoshe. Huyu ni wa leo au kesho."

Nyamizi akalia, lakini mikono haikuacha kazi. Ndipo Kasanda alipoona kupe wakitambaa kutoka uani, wanamrudia mbwa. Akalijaza lile kaburi makaa ya moto. "Watupie humu," akasema, kisha akafagia uani na kuchoma matandiko ya mbwa.

Maganga naye akaingia porini, akaleta majani ya utupa, yale ya kulevya samaki. Akayatwanga, akamwogesha mbwa. Kupe waliobaki wakadondoka, na Watasema akasimama, akabweka.

Mwaka huo mvua ikagoma. Malisho yakaisha, ndugu wakalazimika kutawanyika, kila mmoja na mbuzi wake, na kila njia ina fisi. Mbwa ni mmoja.

"Ni wangu," akasema Maganga. "Bila utupa mngekuwa mnang'oa mpaka leo."

"Na nani alimpeleka kwenye nyasi?" akauliza Kasanda. "Mimi ndiye niliyewazuia kupe wasirudi."

"Kaka, wewe ulimchimbia kaburi naye anapumua," akasema Nyamizi. "Nisingemshika mimi, dawa ingekuta mzoga."

"Na wale uliokuwa unawatupa uani, si ndio waliommaliza damu?" akauliza Kasanda.

Nyamizi alijua ni kweli. Akamkaza mwanawe mgongoni. Jua linashuka, mbuzi wanalia, fisi kaitika mlimani, na hakuna aliyeachia kamba ya mbwa.

Haya, msinitazame mimi, nami nimeshindwa. Je, kamba ile alistahili nani?