Faki na Pingili za Mtambuu

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa wapi?
Pakawa uani kwa Bi Mize, na mumewe asiyejua kutulia.

Hapo kale, Bi Mize alikuwa anamwoza binti yake, Zuwena. Na arusi bila sinia ya tambuu, majani ya wageni kutafuna, ni arusi gani? Wakwe watakula pilau, wataondoka, na aibu hiyo wataisema mpaka wachoke. Mtambuu wake ulikuwa umebaki mmoja tu, tena umechakaa. Akakata pingili, akazichomeka kwenye udongo wa samadi, akazifunika kwa makuti zisipigwe jua.

Asubuhi, Faki mumewe akaja. Akang'oa. Akatazama. Akarudisha.
"Mbona hazina mizizi?"
"Mume wangu, ziache."
"Natazama tu."
Asubuhi ya pili, akang'oa. Akatazama. Akarudisha.
"Baba Zuwena, nakuomba, ziache."
"Natazama tu, mke wangu."
Asubuhi ya tatu, mnajua wenyewe, msinichoshe. Pingili zikakauka zote.

Bi Mize akashika kiuno. Alishasema mpaka koo limemkauka. "Mtu huyu ataniua," akanung'unika, "tena kabla sijamwoza mtoto."

Akakata pingili za mwisho. Hizo akazipanda kimya kimya nyuma ya bafu, maji ya kuogea yanapopita. Huku mlangoni akachomeka vijiti vya kuni. Kuni, jamani, za kupikia.
"Hizi ni zako," akamwambia mumewe. "Ni aina ngeni, huchelewa kutoa majani. Tazama mpaka uchoke."

Hakuchoka. Kila asubuhi anang'oa, anatazama, anarudisha. Nyuma ya bafu hakuna aliyetazama kitu, mizizi ikashika. Bi Mize akaihamisha miche pamoja na udongo wake, akaiegemeza kwenye mfenesi wa jirani, nayo ikaparamia.

Siku ya arusi sinia zikajaa. Mama wa bwana arusi akatafuna, akauliza, "Tambuu laini hivi kaotesha nani?"
Faki huyo, kifua mbele. "Mimi. Siri yake ni kutazama mizizi kila siku. Ngoja nikuonyeshe, mkwe mwenzangu."
Akaenda mbio mlangoni, akang'oa, akaleta.
Mama yule akaigeuza na kuigeuza. "Mkwe, hii si kuni?"

Bi Mize akaipokea, akaisukuma chini ya sufuria ya pilau, akaendelea kugawa tambuu.

Hadithi yangu nimeipanda kwenu. Anayeipenda aimwagilie, asiyeipenda apite zake, ila mtu asiing'oe.