Bao Lililoamuliwa Ndani

Paukwa!

Pakawa!

Leo nina hadithi mbaya. Niilete?

Ilete!

Itawauma.

Ituume, ilete!

Hapo zamani za kale jua liliwaka miaka mitatu, pale kwao kikabaki kisima kimoja tu. Maji hayakutosha wote. Wanyama wakaona, badala ya kuuana, wacheze bao. Atakayeshindwa ahame, aende bwawa la mbali, mwendo wa siku tatu.

Bao lilikuwa na desturi yake. Ugomvi ukizuka, wachezaji huinua mikono, na watazamaji huhesabu kete kwa sauti, shimo kwa shimo. Kete ni sitini na nne, hazizidi wala hazipungui. Mwizi alijulikana hapo hapo.

Lakini wanyama walikuwa wavivu, jamani. Wakachoka kuhesabu. Fisi akawaambia, "Mnapayuka bure. Nipeni mimi ubao, niingie nao ndani, nihesabu kwa utulivu, nitoke na jibu." Wakamshukuru. Tena wakamjengea kibanda cha matete, kwa mikono yao wenyewe.

Siku ya kwanza Kanga alicheza na Ngiri. Kanga akasema, "Ngiri kaficha kete shavuni." Fisi akaufunika ubao kwa kitambaa, akakaza fundo, akaingia nao ndani. Alipotoka alisema, "Kanga kashindwa."

"Umehesabu ngapi, mzee?" Kanga akauliza.

"Nimeshaamua."

Kanga akafunga safari. Kabla ya kuondoka alimnong'oneza shoga yake Digidigi, "Nilichungulia kwenye matete. Hata fundo hakulifungua."

Digidigi akamjibu, "Mzee haulizwi, shoga. Nenda tu salama."

Siku ya pili Nungunungu alicheza na Ngiri. Naye akasema, "Ngiri kaficha kete shavuni." Fisi akaingia, Fisi akatoka. "Nungunungu kashindwa." Nungunungu akawatazama wenzake mmoja mmoja. Digidigi alikuwepo. Aliinama akajikuna kwato.

Siku ya tatu zamu ikawa ya Digidigi mwenyewe. Alikuwa na mtoto mchanga, miguu haijakaza, mtoto asiyeweza kutembea hata nusu siku. Alicheza kwa akili zake zote, na alikuwa anashinda. Mara akaona shavu la Ngiri limevimba.

"Inueni mikono," akasema. "Tuhesabu hapa hapa, kama zamani."

Fisi akaufunika ubao, akakaza fundo, akaingia ndani.

Digidigi akazunguka nyuma, akachungulia kwenye matete. Ubao ulikuwa chini, fundo vile vile. Fisi alikuwa amejilaza, anautafuna mfupa alioletewa na Ngiri asubuhi. Alipoumaliza alijifuta mdomo, akatoka. "Digidigi kashindwa."

Digidigi akamkimbilia jirani yake Swala. "Hakuhesabu. Nimeona kwa macho yangu, hata fundo hakulifungua. Sema nami, Swala. Mwanangu hatafika."

Swala akatazama pembeni. "Mzee haulizwi, dada. Nenda tu salama."

Maneno hayo Digidigi aliyajua. Yalikuwa yake.

Akaondoka na mwanawe. Siku ya kwanza mtoto alitembea kidogo. Siku ya pili mama alimsukuma kwa pua. Siku ya tatu mtoto hakuamka. Mama akakaa naye mpaka jua likawa kali mno, kisha akaenda peke yake.

Bwawani alimkuta Kanga. Kanga akatazama nyuma ya shoga yake, akamtafuta mtoto, hakumwona. Alisogea tu, akampisha anywe. Digidigi hakunywa.

Na kule kisimani? Ngiri na Fisi wanakunywa mpaka leo. Msiningojee niwaadhibu, hadithi yangu haina hilo.

Ina hili tu: ugomvi uamuliwe mbele ya macho ya wote, na hesabu isomwe kwa sauti. Na siku ya kuuliza ni ile anayoonewa mwenzako, maana ikifika yako hutapata wa kuuliza nawe.

Hadithi yangu imeishia bwawani, ina kiu. Aliyeisikia aibebe.